Sufuria ya Wananzengo

Mwezi unapojaa juu ya Ziwa Victoria, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Sababu iko ndani ya kazi yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai za mafuta, siku hizi balbu za betri na za sola zinazoelea juu ya maji. Samaki wale wadogo hufuata mwanga, hujikusanya chini yake, kisha wavu huwazoa. Mbalamwezi ikishatanda, taa ya mvuvi haina lake tena, na kambi nzima inalazimika kusubiri giza.

Siku hizo za kusubiri, msikilizaji, ndizo siku za watu. Ukifika kwenye mialo ya visiwani wakati huo, mitumbwi imepandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na chini ya mti watu wamezunguka drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda. Mwenye sufuria kubwa ameitoa, mwenye redio ameileta, mwenye hadithi ya dhoruba ya mwaka juzi anaianza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuisikia. Wawili waliokoseana kwa ajili ya mgao wanajikuta wamekaa benchi moja bila haraka ya kwenda popote. Hakuna aliyeandika mwaliko. Mwezi ndio ulioita, na kila mtu anajua kwamba haitachukua muda utaita tena.

Hilo la kuita tena ndilo linaloleta mazungumzo ya leo.

Mwanza mjini hakuna mwezi unaosimamisha kazi. Jiji hili, ukijumlisha Nyamagana na Ilemela, lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja katika sensa ya 2022. Mwenyeji wa Magu amepanga Igoma, wa Ukerewe yuko Kirumba, wa Sengerema yuko Nyegezi, na kila mmoja anawahi daladala yake alfajiri. Wanapogongana mabega mjini wanasalimiana kwa uchangamfu, mwangaluka ya asubuhi au mwadila ya jioni, wanaulizana hali za watoto, halafu wanaagana kwa neno moja: "Tutafutane." Hawatafutani. Si kwa ubaya. Ni kwamba neno lile halina siku, halina saa wala mahali, na jambo lisilo na siku hupitwa na yaliyo na siku.

Kuna neno lingine, la Kisukuma, ambalo miaka ya karibuni limesambaa Tanzania nzima: wananzengo. Vijana wa Dar es Salaam wanalitumia kwenye simu zao wakimaanisha watu wote, hadhira, ninyi mnaonisikia. Wengi wao hawajui lilikotoka. Usukumani nzengo ni jamii ya majirani wa eneo moja, watu waliojenga pamoja, maana kuzenga kwa Kisukuma ni kujenga. Mwananzengo ana haki na ana wajibu. Ukipigwa mwano, ile kelele ya kuomba msaada, watu hutoka majumbani mwao, iwe ng'ombe wameibwa au moto umeshika paa. Nyumba ikisimamishwa, majirani hubeba miti na nyasi. Mtu akifariki, ndio wanaochimba kaburi. Asiyetokea kwa wenzake hususwa, na kususwa kijijini ni adhabu inayouma kuliko faini, kwa sababu faini hulipwa ikaisha.

Ila utayari wa kutoka usiku wa manane kwa ajili ya mtu mwingine hauzaliwi na sheria ya kijiji. Ulipikwa jioni baada ya jioni, kidogo kidogo, kwenye shikome.

Shikome ni moto wa jioni wa nyumba ya Kisukuma, unaokokwa nje, karibu na zizi, mara nyingi kwa samadi iliyokauka, ambayo haiwaki kwa fujo bali hufuka na kudumu. Hapo wanaume na wavulana walikaa jua likishazama. Chakula kililetwa hapo hapo, na jirani aliyepita wakati wa kula hakupita. Aliketi, akanawa, akamega. Wazee walisimulia mambo ya ukoo, wakauliza mafumbo, wakakanya bila kumtaja mtu jina. Kijana alijifunza pale nani ni nani, nani anamdai nani, na nani ameoa kwa nani. Mzee wa boma hakuandaa kitu cha pekee. Alichotoa ni vitu vitatu: moto, mahali pa kukaa na uhakika kwamba kesho yake moto utawaka tena.

Ni haki kusema pia kwamba shikome ilikuwa ya wanaume. Mama na binti walileta chakula wakarudi jikoni. Wao walikuwa na mikusanyiko yao, kwenye jiwe la kusagia, kwenye njia ya maji, shambani wakati wa palizi, lakini hiyo ilikuwa mikusanyiko yenye mzigo mkononi. Anayeisifu shikome leo asiisahau mikono iliyoubeba ule ugali.

Ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, alikuwepo mtu aliyeyaona mambo haya kwa jicho la makini kuliko karibu mwandishi yeyote wa pwani ya ziwa hili. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1980, kwa jina refu la wahusika wake wanne: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Hadithi inaanza na ndoa iliyovunjwa na maneno: Bugonoka hajapata mtoto aliyeishi, ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anafuata ukweni kumwomba mkewe arudi. Na wakwe wanamtoza nini? Pombe ya ndizi.

Msomaji wa haraka ataona hapo faini tu. Aliyewahi kuona pombe ya ndizi ikitengenezwa ataona zaidi. Ndizi lazima ziivishwe kwa pamoja, zimenywe, zikamuliwe kwa majani, maji yake yachujwe, yachanganywe na mtama, yaachwe yachachuke; kisha mitungi ibebwe kichwani hadi ukweni, na siku ya kufika ni moja tu, kwa sababu pombe haingoji. Hakuna mwanamume anayeyafanya hayo peke yake. Ili amrudishe mkewe, Myombekere anahitaji ndugu na majirani watakaokubali kuinama naye kwenye kazi. Na wakishafika, pombe ile inanywewa na watu wa pande zote mbili wakiwa wameketi pamoja. Kitereza anaelezea salamu, namna ya kuketi, nani anapewa nini, kwa subira ambayo msomaji wa leo anaweza kuiona ndefu. Alikuwa na sababu. Alihofia kwamba namna za kale za kuishi zitasahauliwa, na namna ya kukaribishana ndiyo inayotangulia kusahauliwa, maana haiandikwi popote.

Mfano wa kelele zaidi uko Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya jiji kwenye barabara ya Musoma. Ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa chini ya Padri David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, aliyefanya kazi pale tangu miaka ya 1950. Kila mwaka, kuanzia siku za sikukuu ya Ekaristi, kwa kawaida mwezi Juni, huchezwa bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hupambana. Jadi inavirudisha kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani ana dawa kali zaidi. Kanuni ya mashindano ni rahisi na ni kali: makundi mawili hucheza wakati mmoja, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Anayekusanya umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana utaona mtu anacheza na chatu shingoni, mwingine anarusha jembe la ngoma ya bugobogobo hewani na kulidaka bila kupoteza mdundo.

Umati unaona siku hiyo moja. Hauoni jioni za mazoezi vijijini, ambako vijana walikutana tena na tena baada ya shamba, wakakosea hatua, wakacheka, wakatafuta wa kuwaazima ngoma. Vyama hivi vilikuwa pia vya kazi. Wimbo uliokuwa ukichezwa uwanjani ndio ulioimbwa wakati wa kulimiana, mstari mmoja wa majembe ukishuka kwa pamoja. Sikukuu kubwa ilisimama juu ya mikutano midogo mingi. Hapo ndipo penye tofauti na hali ya mjini sasa.

Mjini sikukuu zipo, tena kubwa kuliko zamani. Mtu wa Mwanza mwenye kazi ya kawaida hupokea michango ya harusi, kipaimara, sendofu na msiba mpaka simu inachoka. Kamati inaundwa, ina mwenyekiti na mweka hazina, vikao vinafanyika, majina na ahadi yanawekwa kwenye kundi la WhatsApp ili kila mmoja aone nani ametoa na nani bado. Aliyetoa kiasi fulani anapata kadi ya singo, aliyeongeza anapata ya dabo. Usiku wenyewe ukifika anaketi kwenye meza ya watu wanane, muziki uko juu kiasi kwamba hawezi kumsikia aliye mkono wake wa kulia, anapita mbele kwenye foleni ya kutoa zawadi, anakula, anaondoka. Amechangia kwa moyo. Ila yeye na yule aliyekuwa mkono wa kulia hawakujuana.

Hapa si pahali pa kuzilaumu harusi. Kuchangiana ni jambo jema na limewavusha wengi. Lakini sherehe ni siku ya kutumia akiba, na akiba ya watu huwekwa siku nyingine, siku zisizo na kadi.

Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alichapisha mwaka 2018 matokeo ya utafiti wa watu wazima waliokuwa wamehama mji na wanafunzi wapya wa chuo, akihesabu muda waliotumia na watu waliokutana nao upya. Alikadiria kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja kumtoa mtu kwenye kujuana tu hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kufikia kuitwa rafiki, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa karibu. Tena saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito sawa na za kupumzika, kula na kupiga soga. Zipimwe saa hizo kwa maisha ya Mwanza. Rafiki anayeonwa kwenye harusi mbili na msiba mmoja kwa mwaka atazimaliza saa 50 lini? Na mwenzake anayekaa naye muda wa saa 3 kila baada ya wiki mbili atakuwa na saa 78 mwaka ukiisha.

Sasa waangaliwe akina mama wa vikoba. Mfumo huu wa kuweka na kukopa ulizaliwa Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaingia Tanzania, ukaota mizizi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi vya namna hii na kuviweka katika daraja la nne. Wachumi wanavisifu kwa mikopo. Lakini litazamwe lile sanduku. Ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti. Asipokuja mmoja wa wale watatu, sanduku halifunguki. Kufuli zile ziliwekwa kulinda fedha, na zinafanya hivyo. Ila zimefanya na jambo la pili ambalo huenda ndilo kubwa. Zimewalazimisha watu waonane.

Wiki kwa wiki, muda wa saa 2 kwa kila kikao, ni saa 104 kwa mwaka. Baada ya hesabu ya hisa na mfuko wa jamii, daftari likifungwa, huanza kile ambacho hakimo kwenye katiba ya kikundi. Michembe iliyochemshwa inatolewa na karanga na chai. Mtu anasema mwanawe amekwama ada. Mwingine anamjua mwalimu fulani. Wa tatu anasema shemeji yake ana chumba Buswelu na anatafuta mpangaji mtulivu. Anayefika mwezi wa kwanza kwa ajili ya mkopo, mwezi wa kumi anafika hata asipokuwa na haja ya mkopo.

Thamani ya mazungumzo hayo ya pembeni ilishapimwa. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu duniani kuhusu nguvu ya uhusiano ulio mwepesi. Aliwahoji wanaume wa mji mmoja wa Massachusetts waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, akawauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja tu. Walioonana naye mara nyingi hawakufika robo. Rafiki wa chanda na pete anajua unayoyajua. Yule wa mbali kidogo anatoka kwenye dunia nyingine na anakuja na habari yake. Kwa hiyo mwenye kualika watu nyumbani, akiwaita wale wale watano wa kila siku, amefanya jema nusu. Jema zima ni kuwaita watatu wa karibu na wawili ambao hawajawahi kuketi pamoja.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, mlimani Igogo. Aliyewahi kupanda huko anajua mahali penyewe palivyo: nyumba zimejibana kati ya mawe makubwa, ngazi zimechongwa pale jiwe lilipokubali, uwanja haupo. Lakini mbele ya nyumba kuna jiwe bapa, pana kama sebule, na jioni jua likigeukia upande wa pili jiwe lile lina joto la kupendeza kukalia. Hapo ndipo mahali. Mwenye nyumba hana makochi ya kutosha, wala hayahitaji.

Mwaliko wake ni mfupi, na haukutumwa kwenye kundi la watu mia. Alimpigia kila mmoja. "Jumapili saa kumi, kwangu. Kuna sato na ugali. Saa kumi na mbili na nusu kila mtu ashike njia." Maneno hayo ya mwisho ni ya busara kuliko yanavyosikika. Mtu wa Mwanza hukataa mwaliko mara nyingi si kwa kutokupenda, bali kwa kuogopa usioisha: daladala za usiku, watoto nyumbani, kazi ya alfajiri mwaloni. Akiambiwa mwisho ni saa ngapi, anakuja kwa amani. Isitoshe, pwani hii giza likiingia wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa kwa maelfu, na mbu wako nyuma yao.

Amewaita watu sita. Wawili ni majirani, mmoja alisoma naye, mmoja wanauza naye dagaa Kirumba Mwaloni, mmoja ni fundi wa paa, wa sita ni dada aliyehamia mtaani mwezi uliopita na ambaye watu wanamjua kwa rangi ya kitenge chake tu. Mzee wa jirani anapofika, binti wa nyumba anapiga goti kumsalimu, naye mzee anaitikia na kuuliza habari za shule. Kijana anapitisha jagi la maji na beseni. Sato wamekatwa mikato ubavuni, chumvi na ndimu zimeingia mpaka mfupani, ngozi imekauka kwenye mafuta hadi inalia ikivunjwa. Ugali ni wa mahindi uliochanganywa na udaga, mzito, umewekwa kwenye sinia moja. Pembeni kuna nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga. Ni hivyo tu.

Kazi ya mwenyeji si jikoni hapo. Kazi yake ni sentensi anazozisema watu wakifika. "Fundi, huyu dada ndiye aliyechukua ile nyumba ya juu, na mvua ya juzi imemwonea." Basi. Fundi anauliza bati ni za geji gani, dada anaeleza linakovuja, mzee anaingilia kati na kisa cha mwaka ambao upepo ulibeba paa zima mpaka kwa jirani. Dakika tano zilizopita dada yule hakuwa na mtu mtaani. Wakishaanza, mwenyeji ananyamaza. Kuna wenyeji wanaoharibu jioni njema kwa kusimama kila mara kuuliza kama chakula kimetosha.

Liko jambo moja linaloua mikutano hii kuliko umaskini, nalo ni kushindana. Wa kwanza anapika sato wawili. Wa pili, ili asionekane mchoyo, anachinja kuku. Wa tatu ananunua nusu mbuzi na kukodi viti vya plastiki. Wa nne anahesabu mfukoni, anaona haya, anasema mwezi huu ana dharura. Wa tano anafuata dharura. Mzunguko umekufa, na hakuna aliyegombana na yeyote. Ndiyo maana vikundi vinavyodumu hupatana tangu mwanzo kwamba sinia ni la aina moja kwa wote, na atakayeleta zaidi ataombwa kuihifadhi ziada kwa ajili ya watoto wake. Inaonekana kama kubana matumizi. Kumbe ni kumlinda yule wa nne.

Ziwa nalo lilikuwa na bei yake. Kumtembelea ndugu ng'ambo hakujawahi kuwa jambo jepesi, na kuna familia ambazo zimelipa kwa uhai. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora siku ya gulio. Waliokufa walizidi 200. Walikuwa watu wa kawaida kabisa, wakirudi na mahitaji ya nyumbani na habari za waliokutana nao sokoni.

Upande wa Ghuba ya Mwanza mambo yamebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, linaloitwa Daraja la J. P. Magufuli, lina urefu wa kilomita 3 na lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Kabla yake, anayekwenda Sengerema au Geita alisubiri kivuko. Siku ya foleni aliweza kumaliza saa mbili ukingoni, akila mahindi ya kuchoma na kujua siasa zote za Kanda ya Ziwa kutoka kwa asiowajua. Sasa anavuka kwa dakika chache. Shangazi aliyeko Sengerema, ambaye alikuwa akionwa Krismasi tu, amesogea karibu. Swali ni kama ataonwa. Barabara imefupishwa na serikali. Kupanga siku ya kwenda kumwona hakuna wizara itakayompangia mtu.

Mwezi huo huo wa Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya watu, iliyoongozwa na Vivek Murthy wa Marekani na Chido Mpemba wa Umoja wa Afrika, ilitoa ripoti yake. Ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na ikauhusisha upweke huo na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka. Wako wanaodhani huo ni ugonjwa wa Ulaya. Waende Mkolani au Nyasaka wakamuulize kijana aliyekuja mjini kutafuta maisha, anayerudi chumbani saa tatu usiku, anayepika peke yake kwenye jiko la mkaa na kula akitazama simu. Ana namba mia nne kwenye simu ile. Siku akiugua malaria ya kumlaza, ataipigia ipi?

Huyo ndiye wa sita wa kualikwa. Kila mtaa wa Mwanza unaye, na mara nyingi zaidi ya mmoja.

Pale Igogo saa kumi na mbili imefika. Sinia limebaki miiba, na kichwa kimoja cha sato ambacho mzee na fundi wanakigombea kwa utani. Kabla watu hawajasimama, mwenyeji anauliza swali lake la mwisho, na analiuliza mbele ya wote ili lisipotee: mwezi ujao ni kwa nani? Kimya kidogo. Dada wa kitenge anasema paa likishatengenezwa, waje kwake. Fundi anasema basi wiki hii analitengeneza.

Sufuria kubwa inaoshwa, inafutwa, anakabidhiwa yeye. Chombo hakisafiri kitupu, kwa hiyo ndani imewekwa michembe iliyofungwa kwenye kitambaa. Anaibeba kichwani, anapanda ngazi za mawe taratibu, mkono mmoja ukiishikilia, na kila anayepishana naye anamsalimu na kuuliza kulikuwa na nini. Nyuma yake, chini kabisa, ziwa linaanza kuwa jeusi. Taa za dagaa zinaanza kuwaka moja moja, halafu kumi, halafu hazihesabiki.